Koti Lililokaimu

Kila Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Tarsisi Mihayo, mkaguzi wa machimbo madogo, alikuwa akifungua ofisi yake akiwa na begi la safari begani, akivua koti lake la kijivu na kukivika kiti. Alilinyoosha mabega, akailaza mikono ya koti juu ya meza, akafungua faili lolote na kuweka juu yake miwani ya zamani. Mlango aliuacha wazi kidogo, ili mtu akichungulia aone kwamba mkaguzi yupo, ametoka mara moja tu. Kisha alikwenda stendi kupanda basi la Shinyanga.

Huko Shinyanga alisomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa umma, ile ya maofisa wa serikali, vipindi Alhamisi hadi Jumamosi kwa miaka miwili. Si kwamba alipenda sana shule. Waraka ulikuwa umekuja ukisema wakuu wa vitengo wasio na uzamili watashushwa, na Tarsisi alikuwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao mtu akishuka hapandi tena. Ruhusa ya masomo aliiomba mara tatu. Mkuu wake, Bwana Magesa, alimjibu kwa upole kwamba hakuna wa kumshikia nafasi.

"Nenda," alimwambia mwishowe, "lakini uwepo."

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Wahenga hawakuwa na koti.

Mwezi wa pili wa masomo, Jumatatu moja, Serafina, katibu muhtasi, alimletea barua nne zilizokwisha kusainiwa. Sahihi ilikuwa yake, na ule mkia chini ya herufi ya mwisho, ila ilikuwa safi kuliko anavyoiandika mwenyewe. Serafina alieleza kwamba koti lilizisaini Ijumaa kati ya saa nne na saa tano. Alilisifu pia. Haliombi chai, halishindi kwenye simu, haliagi kwenda msibani.

"Umeliona likisaini?" Tarsisi aliuliza.

"Nimelipelekea kalamu, mkaguzi. Ya kwako ilikuwa imeisha wino."

Wiki hiyohiyo Bwana Magesa alitoa barua yenye muhuri kwamba koti litakaimu nafasi ya mkaguzi kila Alhamisi na Ijumaa. Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya tangazo la chanjo ya ng'ombe. Watu walizoea upesi. Valerian, mwenye duara, yaani shimo la machimbo, namba kumi na nne, alikuwa wa kwanza kuhama Jumatatu na kuanza kuja Alhamisi. Aliliamkia koti "Ng'wangaluka, mkaguzi," akakaa mbele yake dakika kumi, akatoka akisema mkaguzi siku hizi amekuwa msikivu.

Tarsisi aliogopa. Aliogopa tangu siku ile ya barua nne, na hofu haikumtoka tena hata akiwa mezani na watoto wake. Hakuogopa kwamba koti linatembeza mikono. Hilo angeweza kuishi nalo. Aliogopa kwamba kila Jumatatu alilikagua koti lenyewe, mbele, nyuma na pindoni, na hakuwahi kuliona na doa la tope. Lilikuwa linasaini maduara ambayo halijashuka.

Jumatano moja alilibeba nyumbani na kulifungia kabatini. Kesho yake mchana alipiga simu ofisini kutoka Shinyanga, akaambiwa mkaguzi yupo, ana wageni. Mkewe, Justa, alimweleza baadaye kwamba koti lilitoka saa mbili asubuhi, likafunga mlango vizuri, likapanda bodaboda. Alidhani wamekubaliana.

Darasani aliwahi kuuliza. Walikuwa maofisa thelathini na mmoja, na mhadhiri, Dakta Wiliam, alikuwa anafundisha kukaimisha madaraka. Tarsisi alinyoosha mkono akasema yeye ameacha koti na linafanya kazi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Elieth, ofisa wa dawa wa wilaya nyingine, alisema kwake ni sweta, na limeanza kuhudhuria vikao. Mwingine alisema kofia. Dakta Wiliam alisema huo ni mfano mzuri, akaendelea na ukurasa uliofuata. Wakati wa chai Tarsisi alimfuata Elieth, akamuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," Elieth alisema. "Ndiyo maana siulizi limesaini nini."

Yaliyotokea yalianza Jumatano, siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na baada ya mvua hakuna anayeruhusiwa kushuka duara lolote mpaka mkaguzi alikague na kusaini fomu. Tarsisi alishuka mwenyewe namba kumi na nne, kwa kamba, futi tisini, akiongozwa na mchimbaji aliyeitwa Donatus. Huko chini walikuwa wakifika Donatus na wenzake wawili tu. Valerian mwenye duara alikuwa mnene, na kazi yake ilikuwa ya juu. Upande wa mashariki, Tarsisi alibonyeza matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia mwamba, na kidole gumba kikazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Donatus alimmulikia tochi. Alikuwa anajua siku nyingi.

Walipotoka, Zipora, mkewe Donatus, aliyekuwa akipikia wachimbaji, alimpa Tarsisi sahani ya michembe ya viazi vitamu na kikombe cha chai, akamuuliza huko chini kukoje. Alimjibu kwamba ataandika. Alimwambia Donatus asishuke mpaka karatasi itoke, na Donatus, mtu wa kufuata utaratibu, akakubali. Lakini ilikuwa imeshafika saa kumi na moja, na fomu ile ni ya kurasa sita. Tarsisi aliandika namba ya duara tu, akaiacha mezani. Upande wa mashariki aliubakiza kichwani, aje kuuandika Jumatatu.

Ijumaa saa nne na nusu alikuwa kwenye chumba cha mtihani, swali la pili. Simu ilitikisika mfukoni, ikatikisika tena, na tena. Aliomba kwenda chooni. Serafina alikuwa ananong'ona: Valerian yuko ofisini, koti limefungua fomu ya namba kumi na nne, liko ukurasa wa tatu.

"Linyang'anye kalamu."

"Mkaguzi, lile linakaimu. Mimi ni katibu."

"Basi liambie lisubiri Jumatatu."

Alisikia viatu vya Serafina vikienda, kisha vikirudi. Alisema ameliambia. Lilikuwa limefika ukurasa wa sita.

Tarsisi alisimama kwenye korido. Namba ya Zipora alikuwa nayo; ilikuwa suala la kubonyeza na kusema asishuke mtu. Lakini Zipora angemwambia Valerian nani amekataza, Valerian angeuliza imekuwaje mkaguzi aliyesaini ofisini akatae kwa simu, na mtu angeuliza mkaguzi yuko wapi siku ya kazi. Barua ya Bwana Magesa ilisema koti linakaimu. Haikusema popote kwamba Tarsisi ameondoka. Msimamizi wa mtihani alitoa kichwa mlangoni akamwambia dakika zinakwenda. Tarsisi alirudi kuketi. Swali la tatu lilisema: eleza misingi minne ya uwajibikaji kwa kutumia mifano ya eneo lako la kazi. Alijaza kurasa nne bila kufuta neno.

Jumamosi saa nne asubuhi duara namba kumi na nne lilifunga mdomo. Donatus na wenzake wawili walikuwa ndani. Walikuwa wameshuka wakiwa na nakala ya fomu, kwa sababu Donatus alitaka kuwa nayo.

Jumatatu ilikuja tume ya watu watano. Walikagua fomu wakakuta kurasa zote sita zimejazwa kwa mwandiko mzuri. Walihoji wafanyakazi, na wote walisema kweli kwamba Ijumaa mkaguzi hakubanduka kitini. Walimpa Tarsisi mkono. Mmoja wao alisema wilaya nyingine zingekuwa na kumbukumbu kama hizi, kazi ingekuwa nyepesi. Tarsisi alifungua mdomo, na alichosema ni asante.

Jumatano saa tisa alasiri, alimwona Zipora dirishani akivuka uwanja wa ofisi, khanga kiunoni, miguu imejaa tope jekundu mpaka magotini. Serafina aliingia akauliza amwambie yupo au hayupo.

"Yupo," Tarsisi alisema.

Akavua koti, akakivika kiti, akalinyoosha mabega, akaingia stoo ya mafaili iliyo nyuma ya meza na kuuvuta mlango.

Zipora aliingia, akaliamkia koti shikamoo, akaketi. Kupitia upenyo wa mlango Tarsisi aliona mgongo wa koti, na juu yake uso wa yule mama, mkavu, usio na hata hasira. Alisema hakuja kulaumu. Watu wanachimba usiku na mchana kuwafikia, lakini kila wanakoingilia mwamba unaporomoka. Wameponea chupuchupu mara mbili. Bomba la kupitishia upepo halijaziba. Jana waliokuwa ndani waligonga bomba kutwa nzima. Leo asubuhi wamegonga mara mbili.

"Wewe ndiye uliyeshuka na mume wangu, baba Nelly," alisema. "Wengine wote waliowahi kufika kule wako ndani. Niambie tu upande upi matimba yalikuwa mabovu, waache huo, wapitie mwingine. Sitamwambia mtu kama umesema."

Koti lilikuwa halijui.

Mashariki, Tarsisi aliwaza. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni, fupi, la silabi nne. Alishika kitasa. Aliwaza waraka, aliwaza tume iliyompa mkono, aliwaza swali moja ambalo angeulizwa kabla ya mengine yote: kama ulijua, nani alisaini? Kitasa kilikuwa cha baridi. Alikishika mpaka kikapata joto la mkono wake.

Mkono wa kulia wa koti ulichukua kalamu, ukaandika mstari mmoja, ukagonga muhuri, ukasukuma karatasi mbele ya Zipora. Zipora alisoma polepole, kwa sauti, kama watu wasomavyo karatasi za serikali: "Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa." Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Ahsante, mkaguzi," alisema. "Nitakuja tena kesho."

Kesho ilikuwa Alhamisi.