Birika Lisilochemsha

"Shangazi Murdina! Toka huko, mzigo wako umefika!"

Murdina alisimamisha miguu juu ya pedali, na mtambo wa kufumia ukanyamaza. Alitoka kibandani nyuzi za sufu zikiwa zimemganda kwenye sweta. Finlay, dereva wa gari la mizigo, alikuwa getini akiloweshwa na manyunyu, kakumbatia boksi kama mtoto wa kubatizwa.

"Mzigo gani? Mimi sikuagiza kitu kije hapa."

"Birika la umeme, wameandika. Jina lako, nyumba yako. Na nauli bure! Si ndicho tulichokuwa tunapigania?"

Ndicho. Kwa miaka mingi maduka ya mtandaoni yaliandika kwamba yanafikisha mizigo bure nchi nzima, lakini ukitaja kisiwa chetu cha Lewis, nchi nzima inaishia ufukweni. Ama nauli ilizidi bei ya kitu chenyewe, ama walikwambia huko hawafiki. Kijiji kilipotuma barua ya malalamiko, Murdina alikuwa wa kwanza kutia sahihi, na maneno makali kuliko yote yalikuwa yake. Mwaka huu duka moja kubwa likakubali. Majuto ni mjukuu.

Maana ughali huo wa nauli ndio uliokuwa ukimleta Torquil, mwanawe. Torquil anaishi bara, Inverness, ambako mizigo hufika bila maneno. Nusu ya kijiji waliagizia vitu kwa anwani yake, naye maboksi yalipojaa sebuleni aliyapakia garini akavuka na feri. Aligawa mapazia, viatu na vipuri nyumba kwa nyumba, kisha akala samaki wa heringi wa chumvi na viazi mezani kwa mama yake, akinung'unika kwamba wamemfanya punda. Murdina aliyapenda manung'uniko hayo. Vitu vingine aliviagiza ili tu pawe na wa kuvileta. Kabatini kwake kuna miavuli mitatu, na kisiwani kwetu mwavuli hauvuki geti kabla upepo haujaugeuza.

Tangu duka lile likubali, Torquil hakuja. Hawakugombana. Hakuwa na mzigo wa kuleta, basi. Ndipo Murdina akaagiza birika hili, na kwa makusudi akaandika anwani ya Inverness.

Kwetu, aliyekuletea kitu mlangoni haondoki bila chai. Finlay alifuta buti zake, akaingia moja kwa moja jikoni na boksi lake. Murdina alibaki ukumbini, akampigia Torquil simu.

"Mama! Limefika?"

"Limefika. Mbona hukulileta wewe?"

"Uliandika anwani yangu kwa mazoea, nikakurekebishia. Siku hizi wanafika mpaka mlangoni. Huna haja tena ya kunisubiri mimi."

Murdina aliikaza simu sikioni. Alitaka kumwambia kwamba amemkumbuka mpaka kifua kinauma, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Lakini sisi hatuambiani hivyo kwenye simu. Tunaulizana habari za mvua. Na mwanamke huyu, ambaye kwa ucha Mungu wake haaniki hata soksi siku ya Jumapili, akafungua kinywa akadanganya.

"Bovu," alisema.

"Bovu vipi?"

"Halichemshi. Nimelijaribu, maji baridi vilevile. Labda apatikane mtu wa kulitazama."

"Lirudishe tu, Mama. Mpe Finlay. Kurudisha nako ni bure."

Bure tena! "Finlay keshaondoka," alisema Murdina.

Jikoni kitu kilinguruma, kikatokota, kikafyatuka kwa mlio wa kukata umeme.

"Shangazi!" Finlay alipaza sauti. "Maji tayari! Sukari umeificha wapi?"



"Mama. Huyo nani?"

"Finlay."

"Anafanya nini?"

Murdina alitazama ukuta. "Anatengeneza chai."

Torquil hakucheka. Murdina alimsikia akipumua, na nyuma yake magari ya mjini yakipita. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani akate simu, akaogopa kuikata.

"Feri ya Ijumaa," Torquil alisema hatimaye, polepole, "bado inaondoka bandari ya Ullapool jioni?"

"Upepo ukikubali."

"Basi usilitumie hilo birika mpaka nije nilitazame."

"Sawa, mwanangu."

Finlay alikuwa ameshamimina vikombe viwili. Walikunywa wakiongea habari za kondoo wa jirani walioingia makaburini, na Murdina hakusikia hata nusu yake. Finlay alipoomba kikombe cha pili, Murdina alimwaga maji yaliyobaki, akalifuta birika ndani na nje, akalirudisha kwenye boksi lake.

"We Shangazi, vipi tena?"

"Bovu hilo," alisema Murdina, akabandika sufuria ya maji jikoni. Kisha akaenda dirishani kutazama upepo unazilaza upande gani nyasi za ng'ambo ya geti.