Fungu la Maji

Kamanda alikuja kwenye kikao chetu cha bajeti na kiti chake mwenyewe. Askari alikibeba kichwani kupitia katikati ya soko la Baraka, kiti cha mbao nyekundu chenye mikono, na sote tulikitambua: kilikuwa cha mapadri, kilikaa sebuleni kwao kabla hawajakimbia. Askari akakiweka baina yangu na mkuu wa mji. Kamanda akaketi, akanyoosha miguu, akasema, "Muendelee. Mi niko nasikiliza tu."

Mkuu wa mji akalifunga daftari.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mvua za kwanza zimeanza. Waasi walikuwa wameushika mji tangu vita ya pili ilipoanza mwaka tisini na nane, na milimani nyuma yetu walikuwako vijana wetu wenyewe waliokuwa wakipigana nao. Sisi wa baraza la mji tulikuwa punje baina ya mawe ya kusagia. Mkuu wa mji, Chef Bonaventure, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Waasi walimweka yeye kwa sababu waliomtangulia walivuka ziwa na hawakurudi. Mhasibu wetu alikuwa Isidore, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imegeuzwa kambi. Na mimi, Marthe, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nilikuwa nimechaguliwa na wanawake wa sokoni niingie katika kamati ya ukaguzi. Ushuru ulitoka mikononi mwao, nao walitaka jicho lao liwe pale unakokwenda. Nilikuwa nimesoma kwa masista hadi la sita. Kusoma bajeti hakunishinda. Ni kama kusoma uso wa mume aliyechelewa kurudi: unatazama lile analoliruka.

Bajeti ile ilikuwa imekonda. Zamani uti wake wa mgongo ulikuwa ushuru wa ng'ombe, wakati wafugaji wa milima ya juu walipokuwa wakishuka na mifugo yao, na mzee wao Nsengimana alikuwa na kiti katika baraza. Tangu yale ya mwaka tisini na sita hawakushuka tena. Kiti chake kilibaki ukutani. Tulijua sote kwa nini hakiketiwi, na katika vikao vyote nilivyohudhuria sikumsikia mtu akilitaja jambo hilo, isipokuwa Isidore, aliyesema siku moja kwamba mji uliofukuza watu wake haupaswi kushangaa unapokosa fedha. Walimnyamazisha.

Basi tulibaki na ushuru wa samaki, wa mawese, wa muhogo. Kutokana na hayo tulikuwa tumejibana mwaka mzima, wajumbe tukafanya kazi bila posho, ili tupate fungu moja tu la maana: maji. Mvua zilizotangulia, kipindupindu kilikuwa kimepita Baraka kama mtu anayefagia. Mji ulikunywa ziwa, na ziwani humo humo ndimo tulimofua, ndimo watoto walimoogea, ndimo mifereji ilimomwaga kila kitu. Kumbe mlimani, upande wa magharibi, palikuwa na chemchemi isiyokauka. Kilichokosekana ni bomba.

Kamanda alichukua kalamu ya Isidore mezani. Alituuliza ni kiasi gani kimebaki baada ya mishahara. Isidore akamwonyesha fungu la maji. Yule bwana akaligonga kwa ncha ya kalamu, kwa upole kabisa, kama daktari anayetafuta pale panapouma.

"Hapa mutafuta neno mayi, mutaandika usalama."

"Kamanda," Chef Bonaventure akasema, "utupe juma moja tuipange upya. Bajeti ikibadilika bila kikao, bakubwa wako wa Uvira batauliza."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona Bonaventure akiwa jasiri, na hata siku ile sikuwa na hakika kama ulikuwa ujasiri au ni woga uliovaa nguo nzuri. Kamanda akakubali. Askari akakibeba kiti.

Mlango ulipofungwa, wajumbe wakaanza kuulizana watapunguza wapi. Mmoja alisema tumpe nusu. Mwingine alisema tumpe yote, tuokoe shingo zetu. Nikanyoosha mkono.

"Chef, feza iko na miguu. Leo iko kwetu, kesho iko kwake. Lakini bomba, ukishaizika ndani ya udongo, haiko na miguu. Tuinunue sasa, mbele juma haijaisha."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika na mabomba. Hayaliwi."

Isidore alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa amesahau namna ya kucheka. Siku ya pili alipanda boti kwenda Kigoma na fedha za fungu la maji.

Alirudi na mabomba yamefungwa pembeni mwa boti kama makasia ya jitu. Tulichimba wanawake peke yetu, maana mwanamume akionekana na jembe njia ya mlimani, askari walimwita mtu wa msituni, na vijana wa msituni walimwita mtu wa waasi. Dada yangu mkubwa, Immaculée, alichimba mbele yangu. Alikuwa mjane, mwenye mgongo mbovu na mdomo mzima, na mtoto wake wa pekee, Bertin, alikuwa huko huko milimani na bunduki. Kila alipoinua jembe alitazama juu kidogo, kule kwenye miti, kisha akalishusha.

Siku maji yalipofika sokoni, bomba lilikohoa kwanza, likatema matope, likatema hewa, kisha likanyooka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka walinzi wa kambi wakakoki silaha. Immaculée alikinga viganja, akanywa, akaufuta mdomo.

"Haina harufu," akasema, kama anayelalamika.

Kamanda naye alikuja kuona. Tulingoja atukamate. Badala yake alicheka hadi akakohoa, akasema bamama ba Baraka beko na akili kushinda bwana zao, na akaondoka. Nililala vizuri. Baadaye wiki ile, askari wake walipasua bomba pale linapopita juu ya kambi, wakaweka koki yao. Yaliyofika sokoni yakawa machozi.

Nikaenda kambini na Isidore. Hatukwenda kugomba, tulikwenda kupanga, maana kupanga ndiyo silaha pekee tuliyokuwa nayo. Nilimwambia kamanda kwamba askari wake wanajaza mapipa mchana tu, ilhali sisi tunahitaji maji asubuhi na jioni. Wakifunga koki saa zetu, wote tutakunywa. Akakubali, kama mtu anayemwachia mbwa mfupa kwa sababu ameshiba.

Na mpango ukafanya kazi. Nataka jambo hilo lijulikane. Mvua zilipiga, mifereji ikafurika, vijiji vya jirani vikazika watu, na Baraka haikuzika. Katika mji ule uliokuwa umetekwa, wenye hofu, unaolipa ushuru kwa bunduki mbili, kitu kimoja kilikwenda sawa, na kilikwenda sawa kwa sababu tuliketi tukakipanga.

Ndipo ujumbe ukashuka kutoka msituni. Uliletwa na wauza mawese wa njia ya Fizi: anayemnywesha adui ni adui. Baraza lisipoikata koki ya kambi, wao watalikata bomba. Mjumbe mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni nani miongoni mwetu atakayekwenda kuikata koki ya kambi. Kikao kikaishia hapo.

Wauza mawese walisema aliyetoa neno lile ni Bertin. Alikuwa amekuwa mkubwa wa wapiganaji huko.

Immaculée alifunga kitenge, akaenda mwenyewe hadi pale walipokuwa wakipakia madumu yao. "Mumwambie mutoto wangu ivi: hii mayi anataka kukata, ni mimi niko nayikunywa."

Jibu lilirudi na mzigo uliofuata wa mawese. Bertin anamsalimu mama yake sana. Vita ni vita. Mama ahame, aende Lweba kwa wajomba.

"Lweba," dada yangu akasema. "Na nyumba ya baba yake nimuachie nani?" Akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Walilikata kule juu kwenye chemchemi yenyewe. Hawakupasua tu, walivunja kisima cha saruji, wakayafukua mabomba, wakayapiga mapanga mpaka yakawa vipande vya urefu wa mkono. Nilipanda na Isidore kutazama. Maji yalikuwa yanashuka kwenye majani, safi, yanang'aa, hayana habari na mtu. Isidore aliokota kipande kimoja, akachungulia ndani kama anatafuta kitu alichokipoteza, akakitupa.

Kambi haikukosa maji. Kamanda aliwapeleka vijana wa mji kwa nguvu hadi mto Mutambala, wakawa wanarudi na madumu mabegani, wanalindwa kwa bunduki. Sisi tulirudi ziwani, na kipindupindu kikarudi kwetu.

Asubuhi moja Immaculée aliamka akiwa mzima, akasonga ugali, akanicheka kwa kuchemsha maji kidogo kidogo kwa sababu kuni zilikuwa hazipatikani, porini hakuingiliki. Kabla jua halijafika utosini macho yake yalikuwa yameingia ndani. Tulimbeba kwa machela. Pale walipolazwa wagonjwa, chini ya maturubai, muuguzi alinyoosha mikono mitupu. Serumu, maji ya dripu, zilikuwa zimekwisha. Nilijua kulikuwa na fungu la dawa. Nililipitisha mimi mwenyewe katika kamati. Nikakimbia ofisini, nikamkuta Chef Bonaventure peke yake.

"Dawa," nikasema.

Hakuniuliza dawa zipi. "Juzi kamanda alikuja tena na kile kiti," akasema. "Niliandika usalama."

Niliporudi kwenye maturubai, walikuwa wamekwisha kumfunika. Hawakuniruhusu nimwoshe. Walimwaga chokaa, wakampeleka pamoja na wengine wa siku ile, na mimi nikafuata kwa mbali, kama mtu anayefuata msiba wa jirani. Isidore alishitakiwa kambini kwamba alikuwa anawapelekea wa msituni habari za bomba. Walimpiga mpaka akashindwa kuketi. Alipoweza kutembea alivuka ziwa. Nasikia alikufa katika kambi ya wakimbizi, huko Tanzania, akiwafundisha watoto hesabu. Mimi sikurudi barazani. Hakuna aliyeniuliza sababu.

Vita ikaisha kwa namna vita zinavyoisha: watu wakubwa walitia saini mbali, nasi tukaona kwanza kwa sare kubadilika. Kamanda aliondoka na kiti. Vijana wakashuka kutoka milimani, wengine wakaimba, na mji ukawaimbia.

Bertin alikuja kwangu mchana mmoja, nikiwa ninaanika ndagala. Alikuwa amenenepa. Alivaa viatu vya mjini, na kijana wa kumlinda alibaki njiani. Nilimjua kwa namna alivyoinama kwenye mlango wa ua, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Mama yake aliinama vile vile.

"Mama mudogo," akasema, na akalia. Alilia kweli, sitamsingizia. Nilimpa kiti. Alipotulia aliniambia wamemweka katika baraza jipya, upande wa mipango, na kwamba watu bado wananikumbuka. Anataka nirudi kwenye ukaguzi.

"Bajeti yenu iko na fungu la mayi?"

"Bazungu batatuletea mayi. Bameshaahidi."

Nikaendelea kutandaza samaki. Halafu akauliza lile alilokuja kuliuliza.

"Mama alikufa na nini?"

"Na mayi ya ziwa."

Nilimwona akilipokea neno lile, akilizungusha, akitafuta pa kuliweka. "Tulikata mayi ya adui," akasema.

"Adui hakukosa mayi hata siku moja, Bertin."

"Nilimwambia ahame! Nilimutumia neno, aende Lweba."

"Alipata neno lako. Na mji muzima ungehamia Lweba kwa wajomba wa nani?"

Nilikuwa nimeyatunza maneno yale miaka yote, nimeyanoa usiku na mchana, nikidhani nikiyatoa kitu fulani kitashuka kifuani mwangu. Hakikushuka. Mbele yangu palikuwa na kijana wa dada yangu tu, amefumba macho, vidole vyake vinachezea kifungo cha shati.

"Unionyeshe kaburi," akasema mwishowe.

Tukaenda. Ni mbali kidogo, nyuma ya mashamba ya muhogo, mahali ambapo hapakulimwa tena kwa sababu watu wanaogopa udongo wake. Majani yamepanda kifuani. Kijana wa ulinzi alitutangulia akiyakanyaga, tukafika penye tuta refu moja, limebonyea katikati, halina msalaba wala jiwe. Bertin alivua kofia.

"Ni upande gani?"

"Balibaweka wote pamoja."

"Lakini yeye, ni wapi?"

"Sijui, mwanangu. Chagua."

Alisimama pale akitazama kutoka mwisho mmoja wa tuta hadi mwingine. Upande wa rasi ya Ubwari wingu lilikuwa linapanda, na ndagala zangu nilikuwa nimeziacha wazi. Nikamwacha, nikarudi kuzianua.