Meza Tatu za Mama Irakoze

Mwanamke nisiyemfahamu aligonga mlango wangu Jumamosi asubuhi, mwezi wa Aprili 2016, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Alivaa koti zito juu ya kitenge, na miguuni pake palikuwa na begi la safari lililofungwa kwa kamba. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye soksi.

"Wewe ndiye Ombeni?" aliuliza. "Mimi mama yake Irakoze. Nimesikia unakwenda Buffalo leo. Tutakwenda wote."

Irakoze ni mchumba wangu. Mama yake, Mama Spés, nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Alikuja Louisville kwenye matanga ya binamu yake, na waliomleta walikuwa wamerudi Buffalo bila yeye. Baadaye nilishuku kwamba aliwaacha waende makusudi ili anione. Kesho yake, baada ya ibada, wazee wa familia yao walikuwa wakutane kujibu posa yangu. Mimi ni Mkongo wa Uvira, wao ni Warundi waliokaa miaka mingi katika kambi za Kigoma, na wajomba wawili hawakuwa na haraka ya kusema ndiyo. Neno la mama ndilo lingeamua.

Nilimkaribisha chai. Akasema ameshiba. Nikamletea mkate na mayai, akasema tena ameshiba, akakaa kwenye ncha ya kiti akisubiri nivae viatu.

Safari yenyewe nilikuwa nimeipangia kazi. Nilimaliza chuo mwaka uliotangulia, na wakati nikipanga vifurushi ghalani, rafiki yangu Bisogo alianzisha tovuti ya Kiswahili kwa wasafiri wetu. Watu wetu wako barabarani kila mwisho wa wiki, mara harusi, mara msiba, mara mkutano wa kwaya, na wanapita migahawa yote huku wamebeba mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki. Nilitaka kuwaandikia mahali pa kula kati ya Louisville na Buffalo, hasa chakula cha Wavietinamu, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba ukishakaa kwenye meza ya watu huwezi tena kuwaogopa. Bisogo alinicheka, akasema nataka kuleta amani ya dunia kwa tambi. Alinipa sharti moja tu: usimwandikie msafiri chakula ambacho hujakionja.

Basi meza ya kwanza ilikuwa hapa hapa Louisville, upande wa kusini, kwa mzee wa Kivietinamu aliyekuja nchi hii akiwa mkimbizi kama sisi. Njiani nilimweleza Mama Spés habari zake zote, kwa bidii kama mhubiri. Niliagiza pho mbili, supu ya nyama ya ng'ombe na tambi za mchele, na pembeni sahani ya mrehani, ndimu na pilipili mbichi. Bakuli zilifika zikitoa mvuke wenye harufu ya mdalasini na tangawizi iliyochomwa. Mama Spés aliinamia lake, akafumba macho kidogo. Nikafurahi. Kisha akafungua macho, akaniona nimeshika kijiko, akageuza kiti chake kabisa, uso ukaelekea ukutani.

Nilidhani anaogopa chakula kigeni. Kwa hiyo nikala mimi, kwa sauti, nikivuta tambi kama wanavyovuta wenyewe, ili asikie kwamba hakina madhara. Kadiri nilivyovuta ndivyo shingo yake ilivyozidi kukakamaa. Nilimaliza la kwangu, nikaonja na la kwake ili kumtia moyo. Tulipotoka, mzee wa mgahawa aliuliza kama supu ilikuwa na kasoro. Nilimwambia haina, nikaona aibu mpaka masikioni.

Hadi Columbus hatukusema maneno kumi. Alipotaka kunywa maji aligeukia dirisha na kujifunika kitenge. Nilijilaumu: mtu ametoka matangani, nimemlazimisha mambo mapya. Nikaamua kumpeleka kwenye chakula cha nyumbani. Kule Northland, kwenye barabara ya Morse, kando ya duka la vyakula vya Kiafrika, kuna mama wa Bukavu aitwaye Généreuse anayepika sombe, yaani kisamvu, ambayo watu huifuata kutoka mbali. Niliagiza ugali, sombe na samaki wa kukaanga, sahani moja kubwa katikati yetu, ili tule kama familia.

Mama Spés aliiangalia sahani kama mtu aliyetukanwa.

Généreuse alikuja kutuona. Aliniuliza kwa sauti ya chini huyu mama ni nani wangu, nikamwambia ni mama wa mchumba wangu. Akaweka mkono kiunoni.

"Donc, umemukalisha hapa, mbele yako?"

Nilidhani anazungumzia upepo wa mlangoni. Nikasimama, nikampisha Mama Spés kwenye kiti changu, nikakaa kwenye chake, tukawa tena uso kwa uso. Généreuse alitikisa kichwa. "Bon. Vijana ya Amerika," alisema, akaitwa jikoni.

Nilikata tonge peke yangu. Baada ya matonge matatu niliacha kula. Mama Spés aliisogeza sahani upande wangu. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na ni mtu mzima. Nilitoka nje kumpigia Irakoze simu. Haikupokelewa, kwa maana ghalani anakofanya kazi wanafungia simu kabatini hadi zamu iishe. Nikabaki nimeikodolea macho ile simu kama mjinga.

Tulipofika kwenye gari, uvumilivu uliniishia.

"Mama," nikasema, "kama hunitaki, niambie tu. Wajomba wakisema hapana kesho nitavumilia. Lakini usinishindie njaa ndani ya gari langu."

Aliangalia basi la jiji likishusha watu.

"Sijasema sikutaki," alisema mwishowe. Kisha akaongeza, "Tukifika Buffalo, mahali pa kula nitachagua mimi. Na wewe utafanya nitakavyosema, usiniulize kwa nini."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa hasira, lakini niliahidi.

Baada ya Cleveland mvua iligeuka theluji. Louisville niliacha miti imechanua, na nilikuwa nimevaa koti jepesi la mvua. Sasa nikaelewa lile koti lake zito. Nilikazana na usukani nikiwaza kesho: mama akiwaambia ndugu zake kwamba Mkongo huyu alinizungusha migahawani siku nzima, yeye akila, mimi nikimtazama.

Tulipokaribia Buffalo alikohoa kidogo.

"Ile supu ya asubuhi," alisema. "Na huku ipo?"

Nusura nitoke barabarani. Kama ipo! Ilikuwepo Kenmore, kaskazini kidogo tu ya mji, kwenye mgahawa ambao Bisogo aliusifia mwaka mzima, na ambao nilikuwa nimeuwekea nafasi ya mwisho katika makala yangu. Mchuzi wao huchemka usiku kucha. Nilikata kona kwa furaha, nikaegesha mbele ya dirisha lenye taa nyekundu. Mlangoni paliandikwa kwamba jiko linakaribia kufungwa, na kwamba kesho hawafungui. Nilifungua mkanda wa kiti. Njaa ilikuwa imeshanirudia kwa nguvu.

Mama Spés aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Mimi naingia. Wewe utabaki hapa nje mpaka nitoke. Na usichungulie."

Nilifungua mdomo kuuliza kwa nini, nikakumbuka, nikaufunga. Nilishuka kumfungulia mlango wa gari, akaingia mgahawani peke yake, na kupitia mlango wa kioo nikamwona akimwonyesha mhudumu kidole kwenye picha ya ukutani. Funguo za gari, nilizokuwa nimeziweka juu ya mkoba wake, alikuwa amezichukua bila kujua, na milango ilikuwa imejifunga. Nikasimama kwenye theluji, mgongo kwa dirisha, ukuta wa matofali wa jengo la jirani mbele yangu.

Hapo ndipo simu ya Irakoze ilipoingia. Nilimmwagia yote: supu, sombe, kiti kilichogeuzwa, na sasa baridi hii. Nikasikia anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Ulikula mbele yake? Mara mbili?"

"Nilikuwa namtia moyo."

"Ombeni, kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hali mbele ya mkwe. Ni heshima. Alidhani mtu mwenye digrii anajua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Aseme vipi? Hilo ni jambo la kumwambia mwanamume mzima?" Akacheka tena, kisha sauti ikatulia. "Hebu fikiri. Angekuwa anakukataa, angekula na wewe tu, kama anavyokula na mtu yeyote kwenye basi."

Nilibaki nimeshika simu hata baada ya kukata. Vidole sikuvisikia tena, lakini kifuani kulikuwa na joto.

Mlango ukafunguka. Mhudumu, binti wa Kivietinamu wa umri wangu, alinitazama kwa huruma. Alisema ameelewa kwa ishara za yule mama kwamba tusionane tukila, ila bakuli la mwisho limebaki jikoni, na kuna meza nyuma ya tangi la samaki, yule mama hataniona kabisa. Harufu ya mdalasini ikatoka naye mpaka puani. Niliwaza makala, nafasi ya mwisho, sharti la Bisogo. Niliwaza tumbo langu.

Nilimuuliza kama mama anakula.

"Anakula?" alisema. "Ameinua bakuli kwa mikono miwili, anakunywa."

Nilimshukuru, nikamwambia nimeahidi. Alisubiri kidogo, akapandisha mabega, akarudi ndani. Nilisikia sufuria zikigongana, kisha mlango wa jikoni ukifungwa. Taa nyekundu ya dirishani ikazimwa. Theluji ilikuwa imejaa kwenye viatu vyangu, na mimi bado nimeelekea ukutani.