Saumu ya Mzee Ameir

“Ukiniona nimemeza hata tone, uniambie. Usinifiche.”

Mzee Ameir alisema hayo akiwa amelala chali kwenye kiti, kitambaa cha plastiki kifuani, taa ikimmulika usoni. Ganzi ilikwishaanza kumshika na maneno yalimtoka yamelegea upande mmoja. Sesilia akaegesha bomba la kufyonza mate kwenye kona ya mdomo wake, akamwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, ya mtu ambaye miguu inamuuma na anataka kazi ianze ili iishe.

“Nakwambia wewe kwa kuwa mwenyewe sitajua,” mzee aliendelea. “Ulimi huu si wangu tena. Sheikh kasema sindano ya ganzi haina neno, ila nisimeze kitu. Basi wewe ndiye macho yangu leo. Ingawa nyie watu wa bara, Ramadhani hii, hamwaminiki hata na glasi ya maji.”

“Nitakuangalia, Mzee. Panua mdomo.”

Mzee huyu alizaliwa Unguja, akaja Durban kutafuta kazi akiwa kijana, akaoa mtaa wa Chatsworth kwa watu wanaoitwa Wazanzibari ingawa wengi wao Zanzibar hawajaiona. Kliniki za meno zilijaa tele huko kwake. Alivuka mji mpaka hii ya Umbilo Road kwa sababu aliambiwa yupo dada mmoja Mtanzania, mtu ataumwa jino kwa Kiswahili. Dada mwenyewe ndiye Sesilia.

Daktari Pather alikuwa nyuma ya ratiba, kama kawaida yake. Kile kipande cha mpira kinachotandazwa kuzunguka jino ili kisianguke kitu kooni kilibaki kwenye droo, maana kukifunga kunachukua muda na nje watu walikuwa wanasubiri. Akaanza kusafisha mzizi kwa zile sindano fupi zenye vishikio vya rangi, anaingiza, anazungusha, anatoa. Mashine ya hewa ya baridi ilinguruma pole pole. Sesilia alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kupiga deki ofisi za watu mjini, ndipo akaja hapa kupiga deki tena, ndipo akavaa glavu. Usingizi ulimfuata siku nzima kama mbwa wa jirani, na mchana ule, bomba likiwa mkononi, ulimfikia. Kope zilishuka. Hakuota hata ndoto.

“Ah,” alisema Daktari.

Sesilia akazinduka. Mzee alikuwa anakohoa, mabega yameinuka kitini. Daktari akamwinua, akampa pole, akamlaza tena. “Imeniponyoka,” akamwambia Sesilia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. “Itakuwa imeingia kwenye bomba. Utaitafuta baadaye.” Akachukua sindano nyingine, akaendelea.

Mlangoni, Mzee Ameir alijifuta kidevu kwa leso na kumkazia Sesilia macho. “Haya. Sikumeza?”

“Hukumeza, Mzee.”

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Mzee akamshukuru kwa dua ndefu, akaenda zake, na kila neno la dua ile lilimchoma Sesilia kama chumvi kwenye kidonda.

Akaitafuta. Alikung’uta kitambaa cha plastiki, akapiga magoti chini ya kiti, akapekua pipa la taka. Alifungua kichujio cha bomba, kile kikombe kichafu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekubali kukigusa, akakimwaga kwenye sahani na kukichambua kwa koleo. Pamba, chembe za jino, damu. Kwenye sponji ya sindano, tundu la ile yenye kishikio chekundu lilikuwa tupu.

“Haipo,” akamwambia Daktari.

Daktari Pather alishusha barakoa. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye hakuwa amekula mchana. “Basi kaimeza. Itapita yenyewe.”

“Alikohoa, Daktari.”

“Wote wanakohoa.”

“Nimpigie simu?”

“Umwambie nini? Kwamba hujui ilikokwenda?” Akavua glavu. “Sesi, sikiliza. Tukiripoti, swali la kwanza ni nani alikuwa ameshika bomba. Nitawajibu nini? Nimeajiri mtu wa usafi. Watanifungia, na wewe utakuwa wa kwanza kutoka.”

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchosha Sesilia kuliko yote. Msaidizi wa kwanza alipoacha kazi, ni Daktari huyuhuyu aliyemvuta kutoka kwenye ndoo ya deki, akamfundisha majina ya vifaa kwa uvumilivu, akamwita fundi. Ukutani, juu ya sinki, lilibandikwa tangazo kwamba madhara yoyote kwa mgonjwa yaripotiwe siku hiyohiyo. Sesilia alilipangusa vumbi kila Ijumaa.

Akaenda mapokezi kwa Grâce, Mkongomani, aliyekuwa anakula karanga kwa kificho chini ya meza.

“Nipe namba ya yule mzee.”

“Ya nini? Iko shida?” Grâce akasikiliza, akatikisa kichwa. “Dada, acha. Ile kitu itatoka tu yenyewe, c’est fini.”

“Alikohoa.”

“Alikohoa aje?”

Sesilia akamwigizia kikohozi kile. Grâce akaacha kutafuna.

“Eish. Docteur akijua ni mimi nilikupa numéro, nitapoteza kazi, unajua?” Akatazama mlango wa Daktari. Kisha akageuza kioo cha kompyuta upande wa Sesilia, akainuka. “Mi naenda choo. Mi sijaona kitu.”

Sesilia alimpigia akiwa nje, kando ya barabara, aproni ikiwa bado mwilini. Aliogopa. Aliiogopa sauti ya mzee kuliko alivyomwogopa Daktari.

“Shikamoo, Mzee. Ni Sesilia wa kliniki.”

“Marahaba. Nimesahau miwani?”

“Hapana. Uliniuliza kama umemeza kitu. Nikakwambia hukumeza.” Akameza mate. “Sikuwa naona, Mzee. Nilisinzia.”

Kwenye simu alisikia watu wakitawadha; mzee alikuwa bado kwenye msikiti wa jirani na kliniki.

“Nimemeza nini? Maji?”

“Sindano. Ile fupi ya kusafishia jino. Nimeitafuta kila mahali, haipo.”

Alisubiri matusi, na angeyapokea kwa moyo mmoja. Lakini mzee alikuwa anajisemea mwenyewe. “Sikukusudia. Kitu kikiingia bila kukusudia hakifunguzi.” Akavuta pumzi ya faraja, na pumzi ile ikamkwama. Akakohoa, kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu anayejaribu kukificha.

“Kikohozi hicho kimeanza lini?”

“Tangu huko kwenu. Nilidhani ni ile baridi ya mashine.”

“Nenda hospitali, Mzee. Sasa hivi, usiende nyumbani. Wakupige picha ya kifua.”

“Nikawaambie nini? Mimi nilikuwa nimefumba macho. Kumbe na wewe pia.” Hakucheka. “Nani atawaeleza?”

Sesilia akageuka kuitazama kliniki. Mkoba wake ulikuwa ndani. Angeweza kumtajia maneno machache, akayarudie mwenyewe hospitalini, na yeye akabaki bila jina. Alilifikiria hilo. Alikuwa hoi, na wazo lilikuwa tamu.

“Nisubiri mlangoni pa msikiti,” akasema. “Nakuja tuende wote.”

Daktari alimwona akipita na mkoba. Aliinua macho juu ya barakoa, mikono yake ikiwa kinywani mwa mtu mwingine.

Katika hospitali ya serikali walikaa sana kwenye benchi. Nesi aliyewapokea aliuliza nani alikuwepo jambo lilipotokea.

“Mimi.”

“Wewe ni nani pale?”

Sesilia akataja kazi aliyoajiriwa kuifanya, kisha kazi aliyokuwa anaifanya. Akataja kliniki. Akasema kwamba alisinzia. Nesi aliandika yote bila kuinua uso, na Sesilia akaona jinsi lilivyo jambo dogo, kalamu inapita tu. Picha ilipotoka, daktari kijana aliwaonyesha mstari mweupe, mwembamba, upande wa kulia wa kifua. Sindano haikuwa tumboni, ilikuwa pafuni. Ingekaa humo, ingemla pole pole. Wataitoa usiku huu kwa mpira wenye kamera, akasema, na mpaka hapo mzee asiweke chochote mdomoni, hata maji.

Nje jua lilikuwa limezama. Kutoka kwenye simu ya mtu fulani mwisho wa ukumbi, adhana ya magharibi ililia, ikazimwa haraka.

Mzee Ameir alitoa leso mfukoni, akaifungua magotini. Tende zake za kufuturia njiani. Akazitazama.

“Kutwa nzima nailinda saumu hii,” akasema. “Na sasa ruhusa imefika, nakatazwa.” Akamgeukia. “Wewe umekula nini leo?”

“Chai. Asubuhi.”

Akamnyooshea tende. “Futuru wewe, kwa niaba yangu.”

“Mimi Mkristo, Mzee.”

“Nani kakuuliza hilo? Nimekuuliza kama una njaa.”

Mkoba ukatetemeka mapajani mwake. Aliona jina la kliniki kwenye kioo cha simu, akaiacha iite mpaka ikachoka. Kisha akapokea tende na kuitia kinywani, akatafuna taratibu, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

“Haya,” Mzee Ameir alisema, akiinama kumtazama kwa makini, mkono kifuani. “Sasa mimi ndiye nakuangalia. Meza.”

Akameza.

“Nimekuona,” mzee akasema.

Hapakuwa na pipa karibu. Sesilia aliitoa kokwa kinywani, akaifumbata kiganjani, wakaendelea kusubiri.