Mikato ya Shingoni

Kiwanda cha zana kina midomo mingi na kumbukumbu fupi. Mama Tupa, mnoa misumeno, ana mdomo mmoja tu, ila kumbukumbu yake haina breki.

Chumbani kwake, kati ya kitanda na jiriwa ya kubania misumeno, alikuwa na meza aliyoitandika shuka jeupe. Hapo alipiga picha kwa simu vifaa vya mkono vya zamani: randa za mbao, keekee, tezo, timazi, misumeno iliyonolewa mpaka ikabaki myembamba kama utepe. Kila picha aliipandisha kwenye tovuti yake, akaandika nani alikitengeneza kifaa hicho, nani alikitumia, na kilivunjikia wapi. Watu wakaanza kuifungua kutoka huku na huku, mafundi wakiulizana, wazee wakisahihishana bila adabu.

Ukurasa uliowaudhi wakubwa wa kiwanda ulikuwa wa patasi. Kila patasi kuukuu ya mji ule ina nembo ya kiwanda ubapani. Mama Tupa aliandika wazi kwamba kiwanda hakikufua hata moja. Zilifuliwa uchochoroni, kwa springi za malori mabovu, na wahunzi ambao baba yake alikuwa mmoja wao. Kiwanda kilizichukua, kikagonga nembo, kikajiita mzazi. Lakini wahunzi nao hawakuwa wajinga. Kila mmoja alitia kwa tupa mikato yake mwenyewe shingoni mwa chuma, karibu na mpini, midogo, ya kuonwa na anayeijua tu. Ya baba yake ilikuwa mitatu, wa katikati umelalia upande.

Ofisa wa kiwanda akaja, na viatu vinavyolia sakafuni. Kwanza alimvika Mama Tupa kilemba cha ukoka: kazi safi, vizazi vitamshukuru. Kisha akatoa la moyoni. Kiwanda kingeichukua hifadhi yote na kuitunza kwenye tovuti yake kubwa, mradi ukurasa wa patasi uandikwe upya. La sivyo, wangekuja wanasheria. Au basi amwonyeshe hiyo mikato.

"Kaa hapo hapo, baba," Mama Tupa akasema. "Usiende kokote."

Akaingia stoo, akarudi na boksi la patasi za baba yake, ambazo alikuwa bado hajazipiga picha. Akafunua. Zilimeta kama vijiko vipya. Akageuza ya kwanza, ya pili, zote. Shingo laini kama shavu la mtoto.

Mlangoni alisimama shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, mpiga rangi mstaafu aliyekaa chumba cha pili, akitabasamu na kungoja asifiwe. Akaeleza kwamba alizipitisha zote kwenye grenda ya kusugulia chuma ili zitoke vizuri pichani. Kutu ingewatia aibu. Mama Tupa akamkazia macho mpaka tabasamu likamwisha.

Ofisa akakohoa kwa raha. Bila alama, alisema, hiyo ni hadithi tu. Mama aweke sahihi kwenye mkataba aliokuja nao, yaishe.

Hapo Mama Tupa alikaribia kuweka sahihi, tusidanganyane. Alikaa kitako juu ya kitanda. Akamkumbuka baba yake akitoka mlango wa nyuma wa kiwanda, kofia mkononi, akiwashukuru waliomchukulia kazi na jina. Shukrani ile ndiyo iliyomnyanyua.

Akalaza patasi moja juu ya shuka, akaipiga picha shingoni, iking'aa vile vile. Kisha akaandika huku akisoma kwa sauti: "Hapa palikuwa na mikato mitatu ya baba yangu. Tumeifuta wenyewe, nyumbani kwetu, tukidhani tunapendezesha. Ushahidi huu umepotea, ukweli upo. Mwenye patasi yenye kutu asiisugue. Aitazame shingoni, atuletee picha."

"Mama, unajivua nguo mbele ya watu," ofisa akasema.

"Ndiyo. Na nyie mtajivua lini?"

Shemeji akasogea na grenda yake. "Usiandike 'sisi', shemeji. Andika ni mimi. Mpiga rangi wa chumba cha pili, kichwa kama kopo."

"La kopo siandiki. Wataliona wenyewe."

Akampiga picha, grenda mkononi, uso umemshuka, akazipandisha picha zote mbili. Ofisa akadai ziondolewe kabla hajafika ofisini. Mama Tupa akamfungulia mlango.

"Kawaambie wakubwa zako nao waweke picha ya tanuri lao, walipofulia hizo patasi," akasema. "Wakiipata, nitafuta mwenyewe."