Kumsemea Refa

Mtaa mzima ulimwita Refa, hata mkewe. Enzi zake akichezesha mechi za vijana, sauti yake pekee ilitosha kumtuliza mshambuliaji aliyepandwa na mori. Kisha kansa ikaingia kooni, ikashuka mifupani, na ile sauti ikabaki mnong'ono aliouelewa mkewe tu.

Kamati ya bunge ilipokuja mjini kukusanya maoni juu ya muswada wa kumruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona kuomba daktari amsaidie kufa, Refa akasema lazima aende.

"Utasemaje, na sauti huna?" mkewe akauliza.

"Ninayo. Wewe."

Mkewe, fundi wa mapazia, aliweka mkasi chini. Muswada huo hakutaka hata kuusikia. Walishaubishania mpaka wakachoka.

"Unataka nikuchimbie kaburi kwa ulimi wangu?"

"Nataka unisemee. Kuchimba wapo wenye kazi yao."

Akacheka bila kupenda, na akishacheka huwa ameshindwa.

Ukumbini alisukuma kiti cha magurudumu hadi mbele. Zamu yao ilipofika, Refa akamvuta mkono wa gauni, naye akatega sikio.

"Anasema hachukii maisha," akaanza. "Anayapenda, ndiyo maana..." Angeweza kuyageuza maneno hayo, nani angejua? Akamtazama mumewe. Refa alikuwa ametulia tuli, hana wasiwasi hata chembe. Kuaminiwa namna ile kukamlegeza. "Ndiyo maana anataka kuyaaga angali ananitambua. Maumivu yakipanda, hata jina langu humpotea. Anaomba mlango uwepo. Hajasema ataupita. Anasema ukijua mlango upo, chumba hakikubani sana."

"Na wewe, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi siutaki. Naogopa wagonjwa watajiona mzigo, waombe kufa kwa kutuonea huruma sisi. Na huyu wangu sijamchoka."

Refa akanong'ona tena. Mkewe akainama, akasikiliza.

"Anasema nimecheza vizuri, ila nimezidisha muda."

Watu wakaangua kicheko, wengine huku wakifuta machozi.

Baadaye muswada haukupita bungeni. Lakini siku ile daktari mmoja aliyeketi nyuma aliwafuata nje, akauliza maumivu hayo yanatulizwa kwa dawa gani. Alipojibiwa, akaguna. Kesho yake akafika nyumbani na mofini, akamfundisha mke jinsi ya kumpa. Refa akalala usingizi wa maana, akaamka akidai chai, akalalamika sukari haijakolea.

Msimamo wake, hata hivyo, hakuubadili. "Dawa nzuri. Mlango bado nautaka."

"Utake tu," mkewe akajibu, akimkata kucha. "Mimi nipo."

Refa alifariki mchana mmoja, dirisha wazi, mkewe akimpaka mafuta miguuni. Alivuta pumzi moja ndefu, nyingine haikufuata. Mkewe akaendelea kuukanda ule mguu hadi ukapoa.

Baada ya mazishi, shemeji yake alimshika bega. "Unaona? Ulikuwa sahihi. Kaondoka kwa amani, hakuhitaji sheria yoyote."

"Usinishangilie, shemeji," akasema polepole. "Kabla ya daktari yule kuja, kaka yako alikuwa akiuma shuka ili nisimsikie. Siku hizo nazo ziliitwa uhai. Mimi bado siutaki mlango ule, lakini sitamcheka anayeuomba."

Mjane akajifuta uso, akamwomba shemeji amsaidie kukitoa kitanda uani, godoro lipate jua.