Salamu Kutoka Kibumba

…na huyu naye ataandikwaje, Habarurema anajiuliza, mkono umekwisha kuchoka, tangu asubuhi yuko hapa barazani Birere akiwaandikia watu barua, Citoyen fulani, Citoyenne fulani, maana serikali imekataza Monsieur na imekataza majina ya ubatizo, juu ya bahasha ni Ntirenganya, mama, Ntirenganya peke yake, lakini mama Mukamurenzi aliyeteremka kutoka Kibumba hasikii hayo, kwake mwanawe ni Honoré tu, Honoré wangu wa Kolwezi, haya basi, ndani ya barua awe Honoré, nani atachungulia… "Andika salamu nyingi," mama anasema, "mwambie mvua imenyesha muzuri, viazi vimetoka, ng'ombe mwekundu amezaa," na kalamu yake ya bic inakwenda yenyewe kama mutu anayerudi kwake gizani, sisi huku wote wazima, hofu ni kwako, maneno yaleyale ya kila siku, hata hayasikii tena, na ndipo mama anaongeza kwa sauti ileile, "Kisha mwambie muzee wake alikufa, tumekwisha kumuzika," na bic inasimama. Wote wazima. Wino bado mbichi… ni hivi hasa Donatille, dada yake, alivyomfanyia yeye, enzi zile yeye akichuma chai upande wa Bukavu, barua ilifika jioni ya Jumamosi, akawasomea wenzake kambini, amesimama mlangoni, akicheka, kondoo wamezaa, jirani amemwoza binti yake, bwana arusi kaanguka matopeni na suti yake, watu wanashika mbavu, na chini kabisa ya ukurasa wa pili, mama hatunaye tena, wao bado wanacheka na yeye amekwisha kusoma… hakumjibu Donatille, miaka imepita hajamjibu, mutu gani anamchekesha nduguye juu ya kaburi la mama… "Mama," anasema, "tuanze na kifo. Tusimzungushe mutoto."

"Hapana, papa. Barua itamukuta amesimama katikati ya batu. Akisikia mvua, akisikia viazi, atatafuta mahali pa kukaa. Muache akae kwanza."

Akae… lakini mimi nilikuwa nimesimama, anataka kumwambia, mlangoni, na mara anakumbuka kwamba sivyo, habari ya arusi ilikuwa ndefu, mwenzake Paul alisogea kwenye kitanda akampisha akakaa, hata jina la marehemu mama lilipofika bega la Paul lilikuwa pale, hakuanguka, mbona hakuwahi kulikumbuka bega lile, na Donatille hajui kuandika, alikwenda kukaa mbele ya mwalimu wa misheni amwandikie, kama mama huyu alivyokaa mbele yake yeye, akatafuta kondoo, akatafuta arusi, akaokota kila kicheko kilichokuwapo kijijini wiki ile ya matanga, na macho yake sijui yalikuwaje, na mwalimu labda alichoka, labda alimwambia, fupisha, dada…

"Umeandika?" mama anauliza.

"Bado, mama." Bic iko palepale juu ya karatasi, nyuma ya wote wazima, hajafuta kitu. "Niambie kwanza, ni habari gani nyingine nzuri iko nyumbani?"

Mama anainamisha kichwa, anafikiri, naye anamngoja.